Apolline Aache Vitenzi

Uvira, 2 Juni 1964

Dada Émérance,

Salamu nyingi. Afya yako? Na mtoto wangu Apolline? Mimi mzima, ila woga umeniingia mwilini. Tangu waasi washike mji, anayejulikana kusoma Kifaransa anachukuliwa. Shule tumefunga, tunajificha.

Lakini Apolline asipoteze masomo. Kila silabi ya kitenzi aipigie kofi, jinsi nilivyomzoesha: *fi-nis-sons*, matatu, *fi-nissent*, mawili tu, maana ile *ent* ya mwisho haitamkwi. Mimi huku sithubutu hata kunong'ona.

Kaka yako,
Evariste

Makobola, 11 Juni

Kaka,

Salamu. Huku tunapumua. Barua yako nimeitia motoni. Una akili kweli? Hapa wamemchukua karani Gaspard kwa kalamu iliyokuwa mfukoni, na hajarudi. Makofi nimeyakataza. Sasa mtoto akitwanga majani ya sombe, kila silabi anashusha mchi. Nikimgombeza anasema baba alimwambia asiache. Naogopa, kaka. Mkataze wewe mwenyewe.

Dada yako,
Émérance

Uvira, 20 Juni

Dada,

Salamu za haraka. Umesema kweli. Mwambie Apolline baba amesema aache vitenzi mpaka vita viishe. Vitabu nimefukia. Natafuta njia ya kuvuka mpaka wa Kavimvira niingie Burundi, kisha nitume mtu awachukue.

Kaka yako,
Evariste

Makobola, 29 Juni

Kaka,

Naomba Mungu hii ikukute. Révérien anayeileta ni mvuvi wetu, mwamini.

Barua yako ilichelewa. Mpiganaji mmoja alipita uani, akamsikia mtoto akitamka vitenzi kwenye kinu. Akauliza polepole, "Weye mutoto, nani alikufundisha ile Kifaransa?"

Apolline akajibu kwa kujivunia, "Ni baba. Iko mwalimu."

"Iko wapi?"

Nikawahi mimi: "Alikufa. Habari imefika leo, mutoto hajaambiwa."

Akaniangalia, akaketi. "Basi mumuambie."

Nikamwambia, kaka, mbele yake. Machozi yangu yalikataa. Kilio cha Apolline ndicho kilichotuokoa.

Sasa tuko kwenye matanga yako. Majirani wamekuja, tumenyoa nywele, tunalala chini. Yule mtu anakuja kila jioni, anakaa na wafiwa, anamtazama mtoto. Siwezi kumwambia Apolline ukweli, hajui kulia kwa uongo. Vuka peke yako. Usitume mtu, usiandike.

Mtoto ananiuliza kama uliumia. Namwambia hapana.

Dada yako,
Émérance