Kompyuta Ilipokataa Sauti ya Baba

Jaro, Iloilo, Ufilipino
4 Februari

Mwanangu Jonalyn,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dublin, na kwamba baridi imekuachia masikio. Sisi hatujambo. Shangazi yako Pasing anakusalimu. Goti linamsumbua, ulimi haumsumbui.

Kompyuta uliyotuma imefika salama. Nimeiweka dirishani, pale marehemu mama yako alipokuwa akishonea. Ulisema nitakuwa naiamuru kwa sauti ili vidole vipumzike, na kweli vidole vyangu siku hizi ni kama vya kuazima. Barua hii naichapa kwa kidole kimoja tangu chai ya asubuhi, na sasa Pasing anapakua chakula cha mchana.

Lakini mashine haitaki kunisikia. Inataka nisome sentensi kumi ili izoee sauti yangu. Nasoma, inasema rudia. Narudia, inasema rudia. Niliiambia, "Fungua barua," ikaandika "Punguza bahari." Pasing akasema, "Imekujua hiyo. Miaka yote umetuamuru sisi, leo umepata wa kukukatalia."

Nifanyeje?

Baba yako

*

Dublin
11 Februari

Baba mpendwa,

Naupokea mkono wako kwenye paji la uso wangu, kama ninavyokuamkia nikiwa nyumbani. Mimi sijambo, ila zamu ni ndefu na wodi imejaa wazee wanaokohoa.

Usikasirike na kompyuta. Mashine hizi zimezoea Kiingereza cha wenyewe. Hata mimi mwaka wa kwanza wagonjwa walikuwa wananiambia, "Unasemaje, binti?" Zima feni unaposoma. Sogeza kipaza sauti karibu na mdomo, lakini usikipulizie. Sema polepole, neno moja moja. Ikikataa tena, jirekodi ukisoma zile sentensi kumi, unitumie. Nitajua tatizo liko wapi.

Mwambie Shangazi goti alikande kwa maji ya moto.

Mwanao,
Jonalyn

*

Jaro
26 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya si mbaya, ila nimekonda kidogo. Siku hizi napenda uji wa wali, maana chai imekuwa na tabia ya kunipalia.

Nimefuata yote uliyosema. Nilizima feni mpaka jasho likanichuruzika. Mashine ikasema rudia. Pasing akaja na mwiko wake akasema, "Hebu nipishe." Akasoma zile sentensi kumi, yeye aliyeacha shule darasa la nne, na mashine ikazipokea zote bila kumrudishia hata moja. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitoka nje kuwaangalia kuku.

Jonalyn, nimechapa maneno ya watu mahakamani miaka thelathini na mmoja. Sikuwahi kuacha neno la shahidi, na hakimu hakuwahi kuniambia rudia. Hii mashine ni mbovu. Irudishe kwa aliyekuuzia.

Nakutumia sauti niliyorekodi uisikie mwenyewe.

Baba yako

*

Dublin
28 Februari

Baba,

Nakuamkia kwa heshima. Sitauliza habari za afya kwa mazoea leo. Nauliza kwa dhati.

Nimeisikiliza sauti yako mara nne. Shangazi ana lafudhi ile ile ya Iloilo uliyo nayo wewe, na mashine imemwelewa. Kwa hiyo lafudhi siyo tatizo, na mashine si mbovu. Maneno yako yanagusana, Baba. Yanatoka kama ya mtu mwenye kipande cha barafu mdomoni. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ilikuwa Krismasi, nawe ulisema maneno mawili tu ukampa Shangazi simu. Nilidhani bado umenikasirikia kwa kutokuja kumzika Mama.

Vidole, chai inayokupalia, na sasa ulimi. Tafadhali nenda hospitali ukamwone daktari wa mishipa ya fahamu. Usiende peke yako, na usimfiche kitu.

Nisamehe kwa kukwambia useme polepole.

Jonalyn wako

*

Jaro
19 Aprili

Mwanangu,

Huyu ni baba yako anayesema, na Pasing anarudia kwa sauti, na kompyuta inaandika. Ndiyo njia tuliyopata. Tupo wazima wa kiasi chetu.

Nilikaa na barua yako wiki tatu bila kumwonyesha mtu. (Uongo. Mimi Pasing niliiona siku ya pili.) Halafu tukaenda. Daktari alinipima siku mbili. Anasema mishipa inayoendesha misuli inakufa kidogo kidogo, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ilianza mikononi, sasa iko kwenye ulimi. Hakusema muda gani, nami sikumuuliza. (Mimi nilimuuliza. Nitakwambia mwenyewe.)

Nilijua, Jonalyn. Muuza samaki aliniuliza mara tatu nataka nini, halafu akanionea huruma akanichagulia. Mashine ilipokataa, nilifurahi kupata wa kumlaumu.

Na kuhusu mama yako. Sikuwa na hasira. Krismasi ile niliogopa ungesikia. Nilijua kazi yako ni kusikiliza wagonjwa.

Daktari anasema ipo programu ya kuhifadhi sauti ya mtu kabla haijapotea, ili baadaye kompyuta iseme kwa sauti yake. Nimeanza. Wanatoa sentensi zao: habari za hali ya hewa, habari za treni. Nimeongeza zangu. Nimesema jina lako mara ishirini, la hasira na la mapenzi. (Nami kanitukana humo, kwa ushahidi.)

Sasa nimechoka, na Pasing analia, mashine inaandika mafua yake.

Baba yako

*

Dublin
23 Aprili

Baba,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido ya wodi, na mgonjwa mmoja akaniletea kiti.

Nimepewa likizo ya miezi mitatu. Natua Iloilo tarehe tisa Mei, asubuhi. Usije uwanjani, nitafika nyumbani mwenyewe.

Barua hii usiijibu. Hayo maneno ambayo ungempa Shangazi ayarudie, yaweke mpaka nifike. Yatatoka kwa mwendo wako, hata kama neno moja litachukua asubuhi nzima. Nitakaa karibu, na sitakwambia rudia.

Binti yako,
Jonalyn