Miwani Isiyoteleza Nikiinama

Shuleni, Kilungu

Kwako Susu, bibi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kivulini na kiondo chako, na goti limepoa. Je, huko nyumbani Zombe mvua imeanza? Huku Kilungu baridi imezidi, lakini mimi ni mzima. Mwende, mdogo wangu unayemsomea Susu, soma polepole na usiruke mahali.

Susu, nimepata miwani. Najua ulimwambia Shangazi kwenye simu kwamba miwani hufanya macho kuwa mavivu, na kwamba mimi sina shida, kwa maana nilikuwa nikiwatambua mbuzi wetu wote wakiwa mbali kule mtoni. Susu, nilikuwa nikiwatambua kwa kengele. Sikujua kwamba wengine huwaona.

Shangazi alinipeleka kwa daktari wa macho pale mjini Wote, akanipima na kusema macho yangu hayaoni mbali. Kisha tukaenda kuchagua fremu. Nilitaka ile nyembamba ya waya, ili darasani watu wasinitazame sana. Mama muuzaji akacheka.

"Msomi, lenzi zako ni nene. Kwa hiyo ya waya zitachomoza pembeni kama masikio."

Akanivika ya plastiki na kuniambia niiname kama ninayefua nguo. Ikaanguka. Ya pili ikateleza hadi ncha ya pua. Ya tatu, ya kahawia, ikakaa. Shangazi akapiga makofi.

"Haiya! Si huyu ni mama yangu mwenyewe! Mama, umefika lini kutoka Zombe?"

Watu wote wakageuka, nami nikatamani kuingia chini ya meza. Lakini nilipojitazama kwenye kioo nilikuona wewe kweli, kabla ya mvi. Jina lako nimelibeba tangu kuzaliwa. Sikujua nimebeba na uso.

Shangazi alitaka lenzi zinazogeuka nyeusi juani, kwa ajili ya jua la huko kwetu. Nikamnong'oneza kwamba naibu wa mwalimu mkuu atadhani ninaringa. Tukachukua nyeupe za kawaida.

Sasa ninasoma ubao mwenyewe. Zamani nilinakili kemia kutoka daftari la jirani yangu, pamoja na makosa yake. Na kile kilima cha ng'ambo, ambacho kwangu kilikuwa kama blanketi la kijani, kina matuta, kina njia, na jana kilikuwa na mama akishuka na kuni.

Lakini moyo haujatulia. Kila kitu changu kipya, hata sanduku la sekondari, umekitemea mate ya baraka kabla sijakitumia. Miwani hii nimeivaa bila neno lako. Sitaki kuificha mfukoni nikikaribia nyumbani, na sitaki kuivaa kama umekataa.

Mama muuzaji alinionya nisiisafishe kwa mate hata siku moja, ni maji na sabuni tu. Susu, shule ikifungwa nitakuletea mkononi. Itemee mate, lenzi zote mbili. Sitapangusa. Nitaivaa hivyo hivyo mpaka ikauke, kisha Mwende azibe kengele za mbuzi kwa majani zisilie, nami nitakutajia mmoja mmoja.

Msalimie Baba akirudi kutoka shambani, na mama jirani anayekuletea maji, na mchungaji wetu. Mwambie ananiombea vizuri.

Ni mimi, niliyeitwa wewe,
Kalekye