Kitambaa Juu ya Kisanduku cha Intaneti

Yaya Masika, dada yangu uliye mbali,

Ningeweza kupanda kilima cha hapa Kibua, mahali rezo, mtandao wa simu, inaposhika, nikakupigia. Lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia. Barua haikatizwi. Nisome mpaka mwisho, hata ukikasirika njiani.

Unakumbuka kile kisanduku cha intaneti ulichomtumia mama kule Mweso, pamoja na antena yake? Kilifika kwa pikipiki, kimebanwa katikati ya katoni za sabuni za duka letu, na mama akakipokea kwa mikono miwili kama mtoto anayetoka kubatizwa. Fundi akapanda juu ya bati akaifunga antena, akaunganisha waya na betri ya sola, taa ya kijani ikawaka. Jumapili hiyohiyo, baada ya misa, ukatokea kwenye simu ya mama ukiwa na koti lako la baridi, unacheka. Majirani walijaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni nasonga bugali ya watu waliokuja kukutazama wewe.

Niseme wazi: nilikuonea wivu, na si siku ile tu. Ni mimi niliyemwosha mama miguu, ni mimi niliyempeleka hospitali kupimwa tension, ile presha yake, na bado jina lililokaa mdomoni mwake lilikuwa lako. Nikirudi na maji, utasikia, "Masika alikuwa anachota mbio." Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako, yaya, iliua nyoka wote wa nyumba ile bila kutoka Ubelgiji.

Kilichonimaliza ni kitambaa. Unajua kwetu kila kitu chenye heshima huvaa kitambaa: redio, televisheni, hata termosi. Kile nilikidarizi miezi ile tuliyokimbia vita, tukilala darasani. Maua mekundu na ndege wawili, kwa nyuzi nilizofumua kwenye sweta langu kuukuu. Nilimpa mama kwa ajili ya kiti chake. Kisanduku chako kilipofika, alikiondoa kitini, akakifunika kisanduku nacho.

"Mama, hiki kilikuwa cha kiti," nikamwambia.

"Zawadi ya Masika haiwezi kaa uchi," akajibu.

Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hakuna aliyeziomba.

Baada ya hapo ndipo rezo ilipoanza kukatika. Unaongea dakika kumi, sura yako inaganda, taa inageuka nyekundu. Ukatufundisha kutoka huko: zimeni, hesabuni mpaka mia, washeni tena. Kilirudi, ukajisifu, kisha kikafa tena. Mama alilaumu vita. "Njo hawa watu ya bunduki, wanakata hata rezo." Ukaniagiza nigeuze antena, nikapanda batini na sketi yangu ya misa, mtaa mzima ukinitazama.

Jumatatu moja nikakigusa kile kisanduku. Kilikuwa na moto kama sufuria iliyotoka mekoni. Kikulacho ki nguoni mwako: kitambaa changu kilikuwa kinene, matundu ya hewa yote yamezibwa, na juu yetu bati lenye joto la mchana. Nikakifunua, nikakipepea, kikafanya kazi mpaka jioni bila kukohoa.

Sasa sikia ubaya wangu. Siku za kazi, mama akiwa dukani, nilikiacha wazi nikafurahia intaneti yangu. Jumapili nilikirudisha kitambaa, na chini yake nikaficha kipande cha kitenge ili kichemke haraka. Nilitaka dakika zako zipungue. Ukishaganda, mama alinigeukia mimi, tukala wawili, na nilikula vizuri.

Unakumbuka ulivyokuwa unamtania? "Mama, unanionesha kabati tena! Shika simu muzuri nione sura." Kila mara aliiinamisha simu, likabaki shavu lake moja, na nyuma yake kabati na kisanduku juu. Tulicheka wote, tukidhani ni mkono wa uzee.

Jumapili ya mwisho pale Mweso, milio ya risasi ilisikika kutoka upande wa Kitshanga na watu walikuwa wanafunga mizigo. Uliganda ukiwa umefungua mdomo. Safari hii mama hakujua. Aliona umetulia, akadhani unamsikiliza. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani mkononi.

"Masika," akasema, "unaona hiki kitambaa nyuma yangu? Kavira njo alikishona, ile wakati tulikuwa tunalala ku masomo. Kila yenga, kila siku ya misa, niko nakuonesha, na wewe hauulizi. Nilikitoa ku kiti sababu ku kiti hauwezi kiona. Huyu mutoto alinibeba mu mugongo, Masika. Umushukuru. Mimi nikimusifu mu macho yake, atavimba kichwa."

Kisha akanigeukia. "Masika amenyamaza. Unazani amesikia?"

Taa nyekundu ilikuwa inawaka chini ya ndege wangu wawili.

"Amesikia, mama," nikasema.

Siku mbili baadaye tulikimbia. Kisanduku kilibaki, kitambaa nilikifunga kiunoni. Hapa Kibua mama hakumaliza mwezi, maana dawa zake za tension zilibaki Mweso. Aliniuliza mara mbili ulijibu nini siku ile. Nilimwambia ulisema asante.

Ulipopiga siku ya mazishi ukauliza maneno yake ya mwisho kwako, nikakujibu tu kwamba alikutaja. Niliogopa kutaja kitenge, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na wivu pia, na bado upo ninapoandika. Maisha yangu yote nilingoja mama anisifu, na siku alipofungua mdomo, hata sifa zangu alikupa wewe! Nikaona bora zikae kwangu, ingawa nilizipata kwa kusikiliza mlangoni.

Sikupata usingizi mzuri nazo. Ndiyo maana nakuandikia.

Basi hayo ndiyo maneno yako, yote, sikupunguza hata moja. Ukitaka kunishukuru kama alivyoagiza, nishukuru. Ukitaka kunilaani, nitapokea, nimestahili. Lakini usiniombe kitambaa. Katikati ya ndege wawili kina alama ya mraba, pale kisanduku chako kilipokibabua, na mama alikishika mpaka siku aliyotuacha. Hicho hatugawani.

Ubaki salama huko kwenye baridi, yaya.

Mdogo wako,
Kavira wa mama