Makofi ya Asembo

Kitendawili, Mama Gichuki! Mdomo hana, lakini mgeni amemsikia akisema "ndiyo". Fikiria ukisoma.

Leo ile ofisi ya serikali ya ng'ambo, iliyodhamini mkopo wa kiwanda cha ngozi hapa Asembo Bay, ilituma watu kusikiliza malalamiko. Adongo ndiye aliyelalamika. Unajua anavyoanika omena, vile visamaki vidogo, pale ufuoni. Maji machafu ya kiwanda yanapita papo hapo, na omena yake sasa hata paka anaiacha.

Adongo amechoka, kusimama tu ni kazi. Akauliza, "Nani aliwaambia tulikubali hicho kiwanda?"

Mama mmoja kati ya wageni hao akatoa simu, akatuonyesha video ya mkutano wa kwanza wa kiwanda na kijiji. Ni sisi, yawa! Tunapiga makofi! Na vigelegele juu!

"Mama, kama mlikubali, malalamiko yenu tunayafunga. Kama hamkukubali, makofi haya yalikuwa ya nini?" akauliza yule mgeni.

Makofi ya nini? Akauliza tena. Makofi yetu wenyewe, Mama Gichuki!

Adongo akaitazama ile simu. Akamwona mjukuu wake Sheryl, amesimama mbele ya wale wazungu wa kiwanda, wanajibizana. Akakaa chini polepole.

"Yalikuwa ya Sheryl," akasema. "Mtoto wetu alikuwa anamwaga Kizungu kama maji, tukafurahi. Walichokuwa wanaongea, hakuna mmoja wetu aliyekijua."