Kompyuta Imeshika Saa ya Kinshasa

Alhamisi, baada ya magharibi

Mchana adhana ya adhuhuri imelia, kompyuta ya mjukuu wangu Zaina inaonyesha saa tano! Intaneti ya nyumbani ilikatika, ikashika laini ya Kongo, ng'ambo ya mpaka, ikachukua saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya yetu hapa Rwanda kwa saa moja.

Na kesho saa tatu ana mtihani kwenye kompyuta hiyo hiyo. Akichelewa hawamfungulii, mwaka wake umekwisha.

"Koko," ndivyo Zaina anavyoniita, "usiogope, nimeifunga kwenye saa ya Kigali."

"Mbuzi wangu nilimfunga hivyo hivyo, akakata kamba."

Akacheka, mtoto wangu. Mimi sikuweza. Na intaneti ikihama tena je...

Adhana ya alfajiri ikilia nitamwamsha, tuiulize hiyo mashine ni saa ngapi. Muadhini wetu hahami laini. Mungu amwamshe tu.