Siku Niliyonyamaza Uwanjani

Nyamirambo, Kigali
Agosti 1992

Mpendwa dada Claudette,

Pokea salamu zetu sote. Vipi wewe na watoto? Goti lako limeshapatana na ngazi za kanisa? Sisi wazima. Mke wangu Illuminée anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, lakini nguvu za kunigombeza anazo. Hali ya nchi unaisikia redioni. Leo niache nikuandikie furaha.

Kirezi ameshinda! Binti yetu ndiye bingwa wa tenisi wa wasichana wadogo, na mwezi ujao atakuja kucheza huko Bujumbura. Shangazi, andaa kitanda na samaki wa ziwani, mukeke wa kukaanga.

Unanijua: nimegombana na mawaziri magazetini, siogopi mtu. Kwenye klabu ya tenisi bwana mmoja mwenye kofia nyeupe aliniuliza kama sisi wa Nyamirambo tumechoka na mpira wa miguu. Nikamwambia kwamba kama tenisi ni urithi wa baba yake, atuonyeshe hati. Illuminée akanivuta shati.

Lakini sheria moja ilinishinda. Katika mechi za watoto hakuna mwamuzi: kila mchezaji husema mwenyewe kama mpira ulioangukia upande wake ni mzuri au umetoka. Mzazi hana ruhusa ya kusema. Akifungua kinywa, mtoto wake ananyang'anywa pointi. Mimi, kunyamaza! Wakati wa Pasaka nilibisha, Kirezi akapoteza pointi, kisha mechi. Njiani aliniambia kwamba mpinzani mmoja anamtosha.

Basi Jumamosi ilikuwa fainali, yeye na Gwiza, msichana mrefu mwenye mwalimu wake binafsi. Seti ya kwanza ikaenda kwa Gwiza, ya pili kwa Kirezi. Katika ya tatu, Gwiza akatamka kwamba mpira wa Kirezi umetoka. Watu wote wakaguna. Nikauma leso. Kirezi hakubishana, mchezo ukaendelea. Baadaye mpira wa Gwiza ukaangukia mstarini, na kila mtu akangoja kisasi. Kirezi akasema kwa sauti kwamba ni mzuri. Dada, machozi yalinitoka. Kuanzia hapo raketi yake ililia kama mchi kwenye kinu, hadi mpira wa mwisho wa Gwiza ukanasa kwenye neti na uwanja ukalipuka.

Sasa nikwambie ukweli: sikuona hata mpira mmoja. Kabla ya fainali Kirezi alinieleza kwamba kinywa si kitu, uso wangu ndio unaopiga kelele. Akikosa, ananitazama na kusoma makala nzima. Akanipa sharti: nije, nikae karibu, lakini niupe uwanja mgongo. Nilikaa nikitazama barabara na mbuzi wa jirani. Niliyoyasikia nimekuandikia, mengine kanisimulia Illuminée. Bwana wa kofia alipita akicheka kwamba leo mwandishi amesusa. Sikumjibu! Mimi!

Hata watu waliponijia na pongezi sikugeuka. Sharti ni sharti. Mpaka raketi ikanigusa bega, na Kirezi akaniambia kwamba sasa ninaweza kutazama. Nikageuka. Alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia soksi hadi nyusi, akicheka.

Akija huko, wewe kaa mbele umtazame kwa niaba yangu. Mimi nitafutie benchi linaloangalia ziwa.

Wabusu watoto, na Mungu atulindie njia.

Mdogo wako mwenye majivuno,
Ndihokubwayo