Mayai Mawili ya Ijumaa

Bagamoyo, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Joto kali, upepo umekatika tangu asubuhi.

Mikono yangu inanuka spiriti ya daktari, hata msikitini niliona haya kumpa mtu mkono. Lakini si harufu inayonisumbua leo.

Nataka kuandika ukweli, walau humu.

Mimi ni karani wa daktari wa Kijerumani, anayechunguza jinsi kifaranga wa kanga wa porini anavyoumbika ndani ya yai, siku baada ya siku. Feruzi huleta mayai kutoka Kiwangwa na kuyaweka chini ya kuku wanaoatamia. Mimi huandika siku juu ya ganda. Daktari huyavunja kwa zamu, hukitoa kile kiumbe na kukitia ndani ya chupa. Mara ya kwanza nilipoona kitone chekundu kinadunda nilisema subhanallah kwa sauti, naye akacheka. Kaniahidi kunichukua Unguja, niwe msaidizi wake hasa. Naitaka kazi hiyo. Naitaka mno.

Jumanne alivunja mayai mawili niliyoyaandika Ijumaa. Kiumbe wa kwanza ana macho meusi. Wa pili, macho bado. Daktari akawaka: Feruzi anakula mayai ya kazi na kuweka mengine!

Nikajua pale pale. Yai la kwanza Feruzi aliliweka Alhamisi, jua lilipokwisha kuchwa na kuku kutulia. La pili aliliweka Ijumaa alasiri. Kwetu jua likizama siku imekwisha, na usiku ule ni wa Ijumaa. Nikaandika Ijumaa, kama nilivyozoea tangu chuo cha Kurani. Siku ya daktari huanza usiku wa manane. Sikuwahi kumwambia, wala hakuwahi kuuliza.

Feruzi hakujitetea sana. Alinigeukia tu: "Karani, si wewe ndiye mwenye kuandika? Sema basi."

Nikanyamaza.

Feruzi ni mtumwa wa Mwarabu mmoja wa mtaa wetu, aliyemkodisha kwa daktari. Siku hiyo hiyo karudishwa kwa bwana wake kwa jina la mwizi. Jumatano kapelekwa mashamba ya miwa, Pangani. Wanaopelekwa kule hatujaona hata mmoja akirudi.

Jana ndipo nikafungua mdomo. Daktari hakukasirika, alifurahi! Akaketi kusahihisha tarehe za chupa moja moja, akanisifu kwa uaminifu wangu. Nilipomwuliza habari ya Feruzi, akasema yule ana mwenyewe, yeye hawezi kuingilia. Nikaenda kwa huyo mwenyewe. Akanisikiliza, akaninywesha kahawa, akasema maji yakimwagika hayazoleki.

Leo, nilipotoka msikitini, nikamkuta Mwanaisha, mke wa Feruzi, ananingoja barazani kwangu. Kuna watu wanakwenda Pangani kesho, akataka nimwandikie mumewe barua. Nikaandika kila alilosema: mtoto hajambo, paa linavuja, usiache kula. Halafu akasema, "Andika: aliyekuponza, Mungu atamlipa."

Nikaandika. Kwa hati nzuri kabisa.

Akanishukuru, akasema mimi mtu mwema, akaenda zake. Barua ninayo hapa, itaondoka asubuhi. Nimechovya kalamu mara tatu na wino umekauka mara tatu. Chini ya maneno yake pamebaki nafasi ya mstari mmoja.